CC1101 ya kurukaruka masafa: betri haimalizi wiki, na mchana risiva inakosa pakiti

WayaMwekundu:
Wakuu, nina kipima kina cha maji kwenye tangi la juu ya paa. Moduli ni CC1101 (chipu ya redio) ya 433 MHz, kristali 26 MHz, umeme CR2032 moja. Inatuma pakiti moja kila dakika kwa 38.4 kbps, nguvu ya kutuma +10 dBm, na kila pakiti inaruka chaneli nyingine kati ya 16. Saa naitoa kwenye osileta ya ndani ya mikrokontrola. Usiku inashika vizuri, jua likipanda risiva inaanza kukosa. Betri nayo siku tano tu imekwisha. Kuruka ndiko kunakokula umeme? Au nihamie moduli za 915 MHz?

SaketiBaridi:
Kuruka hakuna kosa, mkuu. Pakiti ya baiti 31 pamoja na vichwa vyake ni biti 248, milisekunde 6.5 hewani. Kwa 29 mA hiyo ni wastani wa 3 µA kwa dakika. CR2032 ina kama 220 mAh. Ikiisha kwa siku tano, kuna kitu kinavuta karibu 1.8 mA usiku na mchana. CC1101 ikikaa macho bila kazi inakula 1.7 mA. Jibu ndilo hilo: chipu hailali.

SPWD (amri ya kuilaza chipu) inafanya kazi CSn (pini ya kuichagua chipu) ikipanda tu, na CSn ikishuka chipu inaamka. Mikrokontrola ikilala na pini hiyo ikabaki inaelea, basi tena. Weka rezista ya 100 kΩ kutoka CSn kwenda VDD (umeme chanya). Ukipima kwenye mikroampia, unganisha ncha za mita kwa waya hadi pakiti itoke, ndipo uutoe. La sivyo volti inaanguka wakati wa kutuma na saketi inajiwasha upya.

Mnara_Mfupi:
Hilo la jua ni osileta. Ikikosea 1%, ni milisekunde 600 kila dakika. Funga kristali ya saa ya 32.768 kHz. Nayo joto huichelewesha, ila kidogo: 0.034 ppm (sehemu kwa milioni) kwa kila nyuzi mraba kutoka 25 °C, kwa hiyo boksi la 55 °C linapoteza kama 1.8 ms kwa dakika.

Risiva kama iko kwenye umeme wa ukutani, isilale. Ikipokea, ihamie chaneli inayofuata na kusubiri hapo. Ikikosa tatu mfululizo, ikae chaneli moja tu. Ndani ya dakika 16 mtumaji atapita. Namba ya mruko iandike ndani ya pakiti.

Halafu usihifadhi thamani za FSCAL (usawazishaji wa masafa) za asubuhi ukazitumia mchana, VCO (osileta ya redio ndani ya chipu) inahama na joto. Acha FS_AUTOCAL (chipu kujisawazisha yenyewe) ifanye kazi kila mara: ni mikrosekunde 720 tu. Ujanja wa kuhifadhi ni wa wanaoruka mara mamia kwa sekunde.

Kanda1:
915 achana nayo. 902–928 ni ISM (masafa ya viwanda, sayansi na tiba) ya Kanda 2 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), sisi tuko Kanda 1, na hadi 915 ni njia ya simu za GSM 900 kwenda mnarani. Baki 433.05–434.79: anza 433.17, pengo 100 kHz, ya mwisho inaangukia 434.67. Kichujio cha risiva weka 116 kHz, maana kristali za ±20 ppm zinahama 8.7 kHz kila upande. Kiwango cha nguvu kithibitishe kwa mamlaka ya mawasiliano: TCRA ukiwa Tanzania, au CA ukiwa Kenya.

WayaMwekundu:
Mpangilio wa chaneli natumia LFSR (rejista inayozalisha namba kama za kubahatisha) ya biti 4. Sawa?

Kanda1:
Hiyo haitoi sifuri kamwe, kwa hiyo unatumia chaneli 15. Andika jedwali la namba 16 zilizochanganywa, umemaliza.

SaketiBaridi:
Na sambamba na betri weka kapasita ya 470 µF isiyovuja sana. Hata ikibeba pakiti nzima peke yake, volti itashuka 0.4 tu.