Msaada QGIS: rasta mbili zimegoma kukaa pamoja

mtoto_wa_wete: Asalaam alaykum jamani. Nimekwama na QGIS, programu ya ramani. Nna rasta mbili za Pemba, yaani ramani za vipande vya mraba (pikseli), kila kimoja na namba yake: moja ya urefu wa ardhi, SRTM, ilopimwa kutoka angani, pikseli za mita 30, nyengine ya mita 10. Nkiziingiza QGIS pikseli hazilingani, nikaifanyia risampo, yaani kubadili ukubwa wa pikseli, ile ya 10 ikawa 30, zikakaa sawa, ila sasa hesabu zinatoka za ajabu ajabu. Au laptop yangu ndogo? RAM 4. Nna haraka.

pweza_mkavu: RAM 4! Yakhe hio ya kutizamia tamthilia. Uza.

bi_mkunazi: Mie rasta sizijui ila nyie vijana kwa haraka! Mwaka 2016 zile droni za mradi wa ramani zilipoanza kupita, mzee wangu yuko juu ya mkarafuu kaona ile ndege ya povu, akashuka hajamaliza kuchuma, anasema wanakuja kuhesabu miti tutozwe kodi. Kumbe wanapiga picha tu, za sentimita 7, ngalawa moja moja waihesabu.

fundi_ramani: Tuwache droni. Mtoto wa Wete, ile ya mita 10 ni ya nini? Na risampo ulichagua njia gani?

mtoto_wa_wete: Rasta ya kawaida tu, faili la tifu (TIFF).

fundi_ramani: Tifu si jawabu. Namba zake zina maana gani?

mtoto_wa_wete: Haya, matumizi ya ardhi. 1 bahari, 2 mikoko, 3 minazi na mashamba, 4 majengo. Nimetumia bilinia kwa sababu picha inatoka laini, hata mkuu kaipenda. Mikoko ndo imezidi sana, lakini si ajabu, watu wanapanda mikoko Pemba miaka yote hii.

fundi_ramani: Ndo hapo. Bilinia inachukua pikseli za jirani inatoa wastani. Kwa urefu haina neno, mita 20 na 30 katikati yake 25. Lakini bahari 1 na minazi 3 wastani wake 2, na 2 kwako mikoko! Kila ufukwe wenye minazi umeuvisha mikoko. Hebu kuza bandari ya Mkoani utizame.

mtoto_wa_wete: Ipo gatini. Ila mstari mwembamba, pikseli moja.

fundi_ramani: Pikseli moja ya mita 30 ni mita za mraba 900, sasa zungusha Pemba nzima na vihori vyake. Ile ya makundi, ya matumizi ya ardhi, iwache na mita 10 zake, ya urefu ndo uipeleke 10 kwa bilinia, gridi moja, zote EPSG 32737, ndo namba ya mfumo wa vipimo vya ramani wa huku kwetu. Haitoongeza undani wowote, lakini zitalingana. Ukilazimika 30, tumia modi, inachukua kundi lililo jingi.

mtoto_wa_wete: Siwezi kuanza upya, ripoti mkuu keshaipata na keshaisema kikaoni.

shaha_wa_chwaka: Ngojeni kwanza. Akaunti kafungua leo, mkuu, kikao, mikoko inaota gatini vizuri hivyo? Kisa cha kutunga hichi. Kazi ya skuli, nyie mnamfanyia.

pweza_mkavu: Na mtu wa Wete asijue gati ya Mkoani haina mikoko? Anaishi Dubai?

mtoto_wa_wete: Wallahi si uongo! Kazi yangu majedwali, ramani anatizama mkuu.

bi_mkunazi: Hata ikiwa ya skuli, wakata kuni wakisikia mikoko imezidi je? Si ndo watamaliza na iliyopo.

fundi_ramani: Ya kweli, ya kutunga, jawabu lile lile. Mwandikie mkuu leo, jedwali jipya na picha mbili za gati.

mtoto_wa_wete: Nikiandika "takwimu zimeboreshwa" bila ya picha haitoshi?

shaha_wa_chwaka: Basi nafuta kauli, huyu wa kweli. Lugha hio haisomeshwi skuli, hio ya ofisini.