Tupeane uzoefu: kuhamia Dar es Salaam na familia kwa ajira mpya ya chuo kikuu

Mgeni wa Msewe (mleta mada)

Habari za majukumu, ndugu zangu. Nimepata ajira ya mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha umma hapa Dar es Salaam na niliripoti wiki tano zilizopita nikitokea Songea, ambako nimemwacha mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na watoto wetu wawili, mkubwa akiwa darasa la tatu. Barua yangu ya ajira imeeleza cheo, ngazi ya mshahara, muda wa majaribio na wajibu wangu kwa mwajiri, ila haina sentensi hata moja kuhusu namna watu wanne, vitanda vitatu na jokofu moja watakavyokuja kuishi mahali pamoja.

Kwa sasa nimefikia kwa binamu yangu na nalala chumba cha watoto wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Langu nimekwisha kupewa, maana maji yakitoka usiku mimi ndiye ninayeamka kujaza mapipa. Naomba waliopitia njia hii watueleze walisaidiwa nini na mwajiri, walijisaidia vipi pale msaada ulipoishia, na kama wangeanza upya wangetanguliza lipi.

Mama Wawili

Karibu Dar, mwalimu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, nilihama kutoka Mbeya mwaka 2022 na watoto wawili na mama yangu mzazi. Nitaanza na nyumba, kwa sababu ndiko fedha zangu zote zilikoishia.

Nilipoajiriwa nilistahili posho ya kujikimu ya siku 14, lakini iliingia mwezi wa pili wa kazi, na mshahara nao ukasubiri taarifa zangu ziingie kwenye mfumo wa malipo. Wakati huohuo mwenye nyumba wa kwanza niliyekubaliana naye alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 350,000 kwa mwezi, yaani 2,100,000, na dalali akitaka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Hapo sijanunua hata ndoo. Dalali aliyemtangulia alikuwa amenitoza 20,000 za kunionyesha nyumba, akanizungusha Makongo, Goba na Mbezi kwa bodaboda niliyoilipia mimi, na nyumba zote tatu zilikuwa na watu ndani.

Aliyeniokoa hakuwa na cheo chochote kikubwa. Mhudumu mmoja wa ofisi katika idara yetu, mzee aliyekaa Changanyikeni miaka mingi, alinisikia nikilalamika kwenye simu, na jioni ile tukatembea naye kwa miguu hadi kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na nyumba tupu ya vyumba viwili. Kabla ya kwenda, mzee alinituma kwa afisa utumishi kuomba barua fupi inayoeleza kwamba mimi ni mwajiriwa mpya wa chuo na kwamba mshahara wangu unashughulikiwa. Yule mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema atapokea kodi ya miezi mitatu. Barua ile haikuwa kwenye utaratibu wowote wa kumpokea mwajiriwa mpya. Nilipewa kwa kuwa niliiomba. Mwalimu, iombe na wewe.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenidokeza ni la umeme. Kwa kuwa nyumba ilikuwa imekaa bila mtu kwa miezi kadhaa, nilinunua LUKU ya 10,000 usiku wa kwanza na nikapata uniti chache kiasi cha kudhani nimekosea namba ya mita. Mama yangu alikuwa amenishikia tochi ya simu, akinisomea tarakimu zote 20 moja baada ya nyingine huku mimi nikibonyeza, na tulipomaliza akaniuliza kama umeme wa Dar es Salaam ni wa dhahabu. Kumbe kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, ilikuwa imejilimbikiza, na mpangaji mpya ndiye aliyeikuta. Kabla ya kulipa kodi ya nyumba yoyote, mwombe mwenye nyumba anunue umeme kidogo mbele yako.

Kuhusu shule nitakuwa mfupi. Uhamisho wa mwanafunzi hupitia PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo usimlete mtoto kwanza ukitegemea kwamba karatasi zitafuata. Mwalimu mkuu wa anakotoka lazima ahusike, na akiwa amesafiri mtoto atakaa nyumbani. Wangu alikaa wiki tatu.

Aliyerudi kutoka Leipzig

Nimefurahi kuona mada hii, kwa sababu nimehama kikazi mara mbili na mara ya kwanza ilikuwa nje ya nchi. Vyuo vikuu vingi vya Ujerumani vina ofisi maalumu ya kuwapokea watafiti wageni. Niliandikiwa barua pepe na ofisi hiyo kabla sijakata tiketi, nikaulizwa nina watoto wangapi na wa umri gani, kisha nikaelezwa kwamba nikishahamia kwenye nyumba nina wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, kwani bila karatasi hiyo mambo mengi hayaendi. Kwa Mtanzania hilo si geni: ni sawa na kwenda serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, tofauti ni kwamba wenzetu walinipa orodha na mtu wa kunisindikiza.

Nisije nikaonekana nasifia ughaibuni tu, niseme pia kwamba nafasi ya mtoto wangu mdogo katika shule ya awali niliisubiri miezi mingi, na hakuna ofisi iliyoweza kuiharakisha. Hata hivyo niliporudi nyumbani kuanza kazi katika chuo kingine cha hapa, siku ya kwanza nilipokewa na katibu muhtasi mkarimu sana aliyenipa ufunguo wa ofisi na kuniuliza kama nina kalamu. Sikuona mtu wa kuniuliza kama nina watoto. Kwa maoni yangu swali hilo halihitaji bajeti, na ndilo lingebadilisha mambo mengi, kwa sababu likiulizwa mwezi mmoja kabla ya kuripoti, mtu anahama kwa kufuata mihula ya shule.

Mzee wa Masjala

Nimefanya kazi ya utumishi kwa muda mrefu, hivyo niruhusuni niseme upande wa pili. Waajiriwa wengi wapya huja ofisini wakidai posho ya usumbufu kwa sababu ndugu yao aliyehamishwa alilipwa. Katika utumishi wa umma posho hiyo ni ya mtumishi anayehamishwa na mwajiri. Anayeajiriwa mara ya kwanza ana posho ya kujikimu na nauli, na aliyeomba uhamisho kwa sababu zake mwenyewe hujigharamia. Afisa utumishi anayekunyima hakuchukii.

Kwa sababu hiyo, mwalimu wa Songea, mkeo akiomba kuhamia huku kumfuata mwenza kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, ajiandae kwamba gharama ni zenu. Aambatishe cheti cha ndoa na uthibitisho wa ajira yako, na asiache kituo chake kabla ya kupata kibali, hata kama wewe umeshapata nyumba.

Wategemezi wako waandikishe bima mapema. Katika fomu ya bima ya afya ya watumishi kuna nafasi ya mwenza na wategemezi, na watu hujaza jina lao peke yake kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimebaki mkoani, kisha mtoto anaugua wiki ya kwanza mjini. Vyeti visafiri na wewe, siyo na lori.

Kuna hili pia, ambalo halisomwi na wengi: kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri kumsafirisha, au kumlipia usafiri, mfanyakazi na mizigo yake hadi mahali alipomwajiri, endapo mkataba unakoma akiwa sehemu nyingine. Walioajiriwa na vyuo binafsi kwa mikataba wahakikishe mkataba unataja wazi mahali walipoajiriwa. Nimeona mtu aliyetoka Kigoma akiandikiwa Dar es Salaam, kwa sababu tu siku ya kutia saini alikuwa ameketi Dar es Salaam.

Mume wa Mhadhiri

Mimi si mwajiriwa wa chuo. Mwajiriwa ni mke wangu. Nilikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Mwanza, nikalifunga ili tuhame pamoja, kwani tulikwisha kuishi mbalimbali miaka miwili alipokuwa masomoni na hatukutaka kurudia. Nasema wazi kwamba mwaka wa kwanza ulinishinda. Kila asubuhi mke wangu alikwenda mahali ambapo watu walimwita daktari, nami nilibaki na funguo, mtoto, na swali la jirani: "Kaka, wewe unajishughulisha na nini?" Wateja wa miaka tisa hawahamishiki kwa lori. Nimefungua tena, Kimara, kwa mtaji mdogo. Natamani tungekubaliana mapema kwamba mshahara wake wa miezi sita ya kwanza usiguse kiwanja wala samani, bali uwe mtaji wa duka. Tulinunua sofa.

Kutoka Kisumu

Kwetu sisi majirani kuna ngazi moja zaidi. Kibali cha kazi hutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi hutoka Uhamiaji, na mimi nilikuja na kibali cha ukaazi cha Daraja B, yaani cha waajiriwa, huku mke wangu, ambaye ni muuguzi, akiingia kama mtegemezi wangu, maana yake hakuruhusiwa kuajiriwa mpaka apate kibali chake mwenyewe. Chuo kilishughulikia maombi yangu vizuri, ila ya familia kiliniachia. Anayepokea ofa aulize swali hilo kabla ya kusaini: nani atalipia na kufuatilia vibali vya wategemezi?

Binti yangu alianza shule akiwa na Kiswahili kizuri, lakini siku ya pili akasema amekuja kwa matatu na darasa zima likacheka. Alirudi akinifundisha mimi: "Baba, hapa ni daladala, na ukitaka kushuka husemi 'shukisha', unasema 'shusha'."

Mgeni wa Msewe (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi nimeomba barua ya kumwonyesha mwenye nyumba na nimeambiwa niifuate Ijumaa. Mke wangu amesoma maelezo ya Mzee wa Masjala, naye amekubali kumaliza muhula Songea na watoto badala ya kuja mwezi ujao kama tulivyopanga. Limebaki suala la jokofu, ambalo yeye anataka lije.

Mama Wawili

Jokofu uliuze hukohuko, mwalimu. Langu lilisafiri kutoka Mbeya likiwa limelazwa chini ya magunia ya mchele, na lilipofika fundi alilifungua, akatikisa kichwa, akaondoka na 15,000 zangu. Vitanda vije, mbao za Songea hazipatikani hapa kwa bei ya huko.

Yule mzee wa ofisini bado yupo. Jumamosi saa tatu asubuhi njoo kituo cha daladala cha Changanyikeni na barua yako. Ameshataja nyumba mbili, na kwa kuwa nimemwambia mtoto wako wa pili ni mdogo, ile yenye ngazi zisizo na ukingo tumeiruka.