Kazi Eindhoven, familia Leipzig: nitahesabiwa mkaazi wa nchi ipi kikodi?

Mhandisi wa Leipzig

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni Mtanzania, ninaishi Leipzig na mke wangu na watoto wetu wawili, na nina kibali cha kudumu cha Ujerumani, yaani Niederlassungserlaubnis. Nimepata kazi ya uhandisi Eindhoven, Uholanzi, kuanzia Septemba. Mke wangu ana kazi yake hapa, hivyo yeye na watoto watabaki hadi mwaka wa shule umalizike, na nyumba tunayopanga hatuiachi kwa sasa. Mimi nitapanga chumba Eindhoven na kurudi kila mwisho wa wiki, na mwajiri ameniruhusu kufanya kazi nikiwa nyumbani Leipzig siku moja kwa wiki.

Wenzangu wananihakikishia kwamba nikishatimiza siku 183 Uholanzi, Ujerumani haitanidai tena chochote. Je, ni kweli? Nimesikia pia kuhusu nafuu ya asilimia 30 ambayo Uholanzi huwapa wataalamu wanaotoka nje, yaani sehemu ya mshahara isiyotozwa kodi. Tena tuna nyumba ya kupangisha Tanga, nami sijui itatangazwa wapi. Naomba mwongozo wa anayeyafahamu mambo haya.

Karani wa Hesabu

Ndugu Mhandisi, hongera kwa kazi mpya. Naomba kwanza uiweke kando hiyo hesabu ya siku 183, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi wetu. Kanuni hiyo imo katika mikataba ya kodi, lakini inahusu mshahara wa mtu aliyetumwa kufanya kazi kwa muda katika nchi nyingine. Haisemi kwamba ukishazitimiza basi umeacha kuwa mkaazi wa kule ulikotoka. Kwa sheria ya Ujerumani, ukiwa na nyumba unayoweza kuitumia wakati wowote, wewe ni mkaazi, hata kama unalala humo siku mbili tu kwa wiki. Ofisi ya kodi ikitaka kuhakikisha, itaangalia mkataba wa pango wenye jina lako, shule wanayosoma watoto, na mahali anapoishi mke wako.

Uholanzi nayo inaweza kukuhesabu mkaazi wake, na hapo ndipo mkataba wa nchi hizo mbili wa mwaka 2012 unapoamua. Huuliza kwanza una makao ya kudumu wapi. Ikiwa ni kote kuwili, huuliza maisha yako yameelemea wapi kifamilia na kiuchumi. Kisha unaishi zaidi wapi. Na mwisho, uraia. Hatua hiyo ya mwisho haitusaidii sisi tusio raia wa nchi yoyote kati ya hizo, kwani likifika hapo suala huachiwa mamlaka za pande mbili zikubaliane, jambo ambalo huchukua muda mrefu sana. Kwako naona halitafika huko: mke na watoto wako Leipzig, hivyo mwaka huu utakuwa mkaazi wa Ujerumani.

Hilo lisikutie hofu. Mshahara wa siku unazofanya kazi Uholanzi hutozwa kodi Uholanzi, na Ujerumani huusamehe ukionyesha uthibitisho kwamba umetozwa. Hata hivyo, Ujerumani huuingiza katika hesabu ya kiwango cha kodi, hivyo mapato mengine ya familia, ukiwamo mshahara wa mkeo mkitangaza kodi pamoja, yatatozwa kwa asilimia kubwa zaidi. Wekeni akiba kwa ajili hiyo, maana barua ya ofisi ya kodi huja mwaka unaofuata, fedha zikiwa zimeshatumika. Mshahara wa siku unazofanyia kazi Leipzig kwa kawaida hutozwa Ujerumani, kwa hiyo weka daftari la tarehe kuanzia siku ya kwanza.

Kuhusu hifadhi ya jamii, siku moja kati ya tano iko chini ya robo ya kazi yako, basi unabaki katika mfumo wa Uholanzi. Omba cheti cha A1 kuthibitisha hilo. Mapato ya pango la Tanga yatangaze Ujerumani. Nchi hiyo haina mkataba wa kodi na Tanzania, lakini kodi uliyolipa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, inaweza kupunguzwa katika kodi ya Ujerumani, kwa hiyo tunza stakabadhi zote.

Bi Mkubwa wa Rotterdam

Kaka, mwenzangu ameeleza kodi vizuri, ila mimi ninahofia zaidi kibali chako. Niederlassungserlaubnis hupotea ukiondoka Ujerumani kwa sababu isiyo ya muda, au ukikaa nje zaidi ya miezi sita bila kurejea. Sasa unarudi kila wiki, lakini siku familia itakapokufuata, kibali hicho kitakuwa kimekwisha hata kama kadi bado iko mfukoni. Ikiwa umeishi kihalali miaka mitano, omba Daueraufenthalt-EU, yaani kibali cha ukaazi wa muda mrefu cha Umoja wa Ulaya, kabla hujajiondoa katika daftari la wakaazi. Hiyo hudumu hadi miaka sita nje ya Ujerumani, mradi usikae nje ya Umoja wa Ulaya miezi 12 mfululizo, nayo hukurahisishia kuomba ukaazi Uholanzi.

Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inatoa uraia baada ya miaka mitano bila kudai uukane wa kwanza. Kizuizi kiko kwetu, kwani sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Uamuzi huo ni mzito, na ni wenu wawili, lakini uzungumzeni kabla ya kuhama, si baada.

Mkaazi wa Utrecht

Nafuu ya asilimia 30 unaweza kuipata, kwa sababu sharti ni kwamba zaidi ya miezi 16 kati ya 24 kabla ya kuanza kazi uwe umeishi zaidi ya kilomita 150 kutoka mpaka wa Uholanzi. Leipzig inavuka kiwango hicho. Anayetoka Köln au Düsseldorf hukosa. Mwombe mwajiri apeleke maombi nawe ndani ya miezi minne tangu uanze kazi, ili nafuu ihesabiwe tangu siku ya kwanza. Hudumu miaka mitano, na kuanzia 2027 itashuka hadi asilimia 27.

Mhandisi wa Leipzig

Nawashukuru sana. Swali moja limebaki: tukihama sote mwezi wa Julai, ukaazi unakatika siku gani?

Karani wa Hesabu

Unakatika siku mnapoacha kuwa na nyumba Ujerumani, si siku ya kujiandikisha Eindhoven. Rudisheni funguo, chukueni hati ya makabidhiano ya nyumba, na mjiondoe katika daftari la manispaa ndani ya wiki mbili. Mwaka huo mtatangaza kodi kote kuwili: Ujerumani mtaongeza fomu ya WA-ESt, na Uholanzi mtajaza fomu ya M. Kuanzia hapo nyumba ya Tanga itaingia katika kisanduku cha 3 cha Uholanzi, yaani sehemu ya kodi inayohusu akiba na mali, ambako huangaliwa thamani ya mali tarehe 1 Januari. Tafuteni mapema tathmini iliyoandikwa na mthamini aliyesajiliwa.