Naomba ushauri: madogo hawataki kabisa muvi zisizo na rangi
Wakuu habari zenu, nina wadogo zangu wawili hapa home ukiwawekea muvi ya zamani tu wanashika simu. Jana nikawawekea 12 Angry Men ya 1957, jamaa 12 wa jury (raia wanaoamua kesi mahakamani) wamefungiwa chumbani joto kali, 11 washasema dogo aliyeshtakiwa kamuua baba yake, mwigizaji Henry Fonda peke yake anabisha. Wakaanza kusinzia. Sasa pale wanapokomaa eti kisu kile cha mauaji hakina mfano, Fonda anachomoa mfukoni cha kwake kilekile anakichoma mezani, mdogo wa mwisho akakurupuka "kakitoa wapi huyo?" 😂

Naombeni ushauri, leo nianzie hapohapo kwenye kisu au nirudishe mwanzo? Na ipi nyingine ya enzi hizo yenye mabishano makali hivyo, za kuimbaimba hapana.