Dawa ya homa ya mtoto hapa Uingereza: daktari aandike bure au mzazi anunue?

Mama Pacha (mleta mada)

Hodi wanajamvi. Naleta jambo lililonikaa kooni, na najua wengi mnaolea watoto huku Uingereza limeshawafika.

Pacha wangu wana miezi 14. Jumatano usiku mmoja alianza kuchemka mwili, kulipokucha na mwenzake naye yumo. Parasetamoli ya maji ilikuwa imebaki chini kabisa ya chupa. Niliigeuza chupa, nikasubiri, nikaingiza bomba la kupimia dawa, likavuta povu tupu. Mshahara ulikuwa Ijumaa. Nikapiga simu zahanati tuliyojiandikisha, nikaomba daktari aandike dawa. Dada wa mapokezi akanijibu: "Hiyo hatuandiki siku hizi, utaipata dukani." Nikamwambia dukani naijua njia, ila leo pesa sina. Akarudia maneno yaleyale. Nikaazima kwa jirani.

Sasa sikieni hesabu. Mtoto wa umri wa wangu anapewa mililita 5 kwa mara moja, mwisho mara 4 kwa saa 24. Watoto wawili ni mililita 40 kwa siku. Chupa ya mililita 100 inakwisha siku ya tatu kabla ya jioni, na homa ya virusi haina haraka ya kuondoka.

Kinachoniuma ni hiki. Hapa England mtoto wa chini ya miaka 16 halipii dawa iliyoandikwa na daktari. NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, ilipoanza Julai 1948 dawa zilikuwa bure kwa wote. Malipo yakaja 1952, yakafutwa 1965, yakarudi 1968, na waliporudisha, watoto waliwaacha nje ya malipo. Kwa hiyo haki ipo miaka yote hii. Lakini Machi 2018 NHS England ilitoa mwongozo kwamba dawa za maradhi madogo zinazouzwa bila cheti (karatasi ya dawa ya daktari), zisiandikwe kwa kawaida. Mwongozo wenyewe unasema kusamehewa malipo peke yake si sababu ya kuandikiwa. Yaani mtoto wangu ana haki ya kutolipia cheti, ila cheti chenyewe hapewi!

Msimamo wangu: mzazi asiye na uwezo apewe dawa hii bure, na aipate kwa mfamasia, bila kumsumbua daktari. Karibuni.

Baba Wawili

Dada, pole sana kwa wagonjwa, Mungu awape nafuu. Lakini hapa nitakupinga.

Mimi nimekaa na mtoto mwenye pumu nikingoja nafasi ya daktari asubuhi nzima, simu inaniambia niko namba 23 kwenye foleni. Kila dakika 10 anazotumia daktari kuandika parasetamoli, kuna mtoto anayebanwa kifua anangoja. Halafu mnasahau kwamba bure si bure. NHS ilisema kabla ya mwongozo ule ilikuwa inatumia pauni milioni 569 kwa mwaka kwa dawa ambazo mtu angenunua mwenyewe. Ndani yake kuna mba, kuna mafua, kuna krimu za jua. Nani alipe?

La pili, wengi wetu tunanunua jina. Sanduku lenye picha nzuri na sanduku la duka lenyewe, yote yameandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Dawa ni ileile, bei ni mbali kabisa. Anayechukua ile ya jina halafu akalalamika bei, simuelewi.

Mama Pacha

Kaka, hiyo ya bei nafuu ndiyo ninayonunua tangu wazaliwe. Na foleni ya daktari nakuunga mkono, ndiyo maana nimesema mfamasia. Soma tena mstari wa mwisho.

Mfamasia wa Mtaani

Nafanya kazi famasi hapa England, niwaeleze yanayotokea upande wa ndani wa kaunta.

Kila baridi ikianza huzunguka ujumbe wa WhatsApp: "Nendeni famasi yoyote, jiandikisheni, mtapewa dawa ya homa ya watoto bure." Wazazi wanakuja na simu mkononi. Wengine wamepanda basi na mtoto mgonjwa mgongoni. Ukweli ni kwamba hakuna mpango wa namna hiyo wa England nzima. Kuna maeneo ambako bodi ya afya inalipia huduma ya maradhi madogo, na humo mtoto anaweza kupata parasetamoli bila malipo. Maeneo mengine hakuna. Mtaa huu upo, ukivuka barabara kubwa haupo. Mimi ndiye ninayemwambia mama "samahani, kwetu haipo", na ni neno gumu kulitamka mbele ya mtoto anayelia.

Tarehe 31 Januari 2024 tulianzishiwa huduma ya Pharmacy First, maradhi saba. Mtoto wa mwaka 1 hadi 17 mwenye maumivu ya sikio namwangalia mwenyewe, na akitimiza masharti nampa antibiotiki, wala aliye chini ya miaka 16 halipi. Lakini parasetamoli ya kutuliza hilo sikio linalomliza usiku kucha, hiyo kwa kawaida mzazi huambiwa anunue. Nimeshampa mzazi dawa ya gharama zaidi bure, nikamuuzia ile ya gharama ndogo. Sijawahi kupata maneno ya kumweleza akaelewa.

Niseme na la upande wa Baba Wawili, maana ana hoja. Si kila homa inataka dawa. Mtoto anayecheza na kunywa, hata kama kipimajoto kimepanda, huna lazima ya kumpa. Dawa ni kwa mtoto anayeteseka. Tukigawa chupa kwa kila anayeuliza, nyingine zitarundikana kabatini mpaka ziharibike.

Na kwa kuwa hapa wazazi ni wengi: msivunje kidonge cha mtu mzima mkakadiria kwa macho. Aspirini ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 16 mpaka daktari aseme. Bomba mlipimie kwenye mwanga. Nimeona mama aliyepunguza dozi nusu ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Mtoto hakupata nafuu, akaishia hospitali usiku, ambako walimpa parasetamoli ya kutosha na akalala.

Mkazi wa Glasgow

Wapendwa, huku Scotland mnayobishania tulishayamaliza. Cheti cha dawa hakilipiwi na mtu yeyote tangu Aprili 2011. Wales walitangulia 2007, Ireland ya Kaskazini 2010. Halafu tangu Julai 2020 mfamasia anakuangalia mwenyewe kwa maradhi madogo, akiona inafaa anakupa dawa, akiona haifai anakupa ushauri unarudi nyumbani. Mimi nimerudishwa mikono mitupu mara mbili na sikukasirika, kwa sababu niliyeongea naye alimtazama mtoto, alimgusa, akanieleza. Tofauti na kuambiwa na sauti ya simu.

Daktari sikumsumbua hata mara moja. Kwa hiyo kaka yetu aliyeogopa foleni, huku foleni ya daktari haihusiki.

Baba Wawili

Dada wa Glasgow, nimekusoma. Lakini kumbuka England ina watu zaidi ya mara kumi ya Scotland. Na mfamasia naye ana foleni. Famasi ya mtaani kwetu imefungwa, iliyobaki ina watu mpaka mlangoni. Kila mzigo tukimtwika mfamasia, atavunjika mgongo.

Bado nasema: mwenye mshahara anunue. Kwa wasio na uwezo, mwongozo wa 2018 unaacha mlango. Unasema daktari anaweza kuandika akiona mtu hawezi kujihudumia kwa sababu ya ugonjwa, akili, au udhaifu mkubwa wa kijamii.

Mama Pacha

Mlango huo naujua, kaka. Ila anayeufungua ni daktari, na mimi sikufika kwa daktari. Niliishia mapokezi. Mama wa kumwambia mgeni kwenye simu "mimi ni dhaifu kijamii" yuko wapi? Mimi nilishindwa hata kulirudia mara ya pili kwamba sina pesa.

Nikuulize jambo moja unijibu kwa haki. Mtoto akifika wiki 8 anachomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya MenB, ambayo imo kwenye ratiba tangu 2015. Inajulikana kupandisha homa. Muuguzi mwenyewe anakupa karatasi: parasetamoli mililita 2.5 mara tu baada ya chanjo, tena baada ya saa 4 hadi 6, tena mara ya tatu. Hapo hakuna kusubiri uone kama anateseka. Serikali ndiyo imeagiza dawa hiyo itolewe kwa watoto wote. Chanjo ni bure, sindano ni bure, pamba ni bure. Ile iliyoandikwa kwenye karatasi niikute wapi? Nilipokuwa na pacha wa wiki 8, tumbo bado lina mshono, nilitoka pale kliniki na kigari cha watoto wawili nikaelekea supamaketi.

Baba Wawili

Hapo kwenye chanjo sina jibu. Umenishinda. Kama wameagiza wao, watoe wao, palepale kwenye chumba cha chanjo.

Mgeni Jamvini

Samahani naingilia. Mimi viza yangu haina haki ya posho za serikali. Mtoto wangu akiandikiwa dawa nitadaiwa? Huwa naogopa hata kwenda.

Mfamasia wa Mtaani

Ndugu yangu, usiogope. Matibabu ya daktari wa zahanati hayahesabiwi kuwa posho. Mtu yeyote aliyeko England anaweza kujiandikisha kwa GP, yaani huyo daktari wa zahanati, hawaruhusiwi kukukatalia kwa kukosa hati ya makazi wala karatasi za uhamiaji. Na cheti cha mtoto wa chini ya 16 ni bure, hakuna anayeangalia viza ya mzazi. Mpeleke.

Mama Pacha

Asanteni. Kuna kitu kimoja nimekiona nikitafuta majibu yenu. Kadi ya Healthy Start, wanayopewa akina mama wa kipato cha chini wenye watoto wa chini ya miaka 4, inalipia maziwa, matunda na mboga, na vitamini za watoto wanapewa bure. Orodha ya wanaostahili ipo tayari, hakuna wa kuhojiwa simuni. Ongezeni humo chupa moja ya parasetamoli, mama aonyeshe kadi kwa mfamasia, basi. Hakuna daktari, hakuna kabati la kurundika.

Zahanati zote za England zinatakiwa kuwa na kikundi cha wagonjwa cha kutoa maoni. Cha kwetu kinakutana Alhamisi ya pili ya mwezi. Nimeshaomba nafasi. Nitapeleka mambo mawili: dawa ya wiki ya 8 itolewe chumba cha chanjo, na mapokezi wasiruhusiwe kumkatalia mzazi aliyesema hana pesa bila kumuuliza mfamasia au daktari. Mfamasia, ukiweza nitumie majina ya maeneo ambako bodi inalipia, niwe nayo mkononi. Pacha wamepoa, mmoja ameanza kukohoa.