Mada: Mama na mdogo wangu wanakuja Chennai kwa matibabu, mara yao ya kwanza India

Kutoka: mwanachama, Mwanza

Wadau, habari za huko. Mama amepata rufaa, na hospitali ya Chennai imeshajibu barua pepe na kutuma makadirio ya gharama. Mdogo wangu ndiye atakayemsindikiza. Tiketi bado hatujakata. Naomba mambo ambayo mawakala hawayasemi: visa, fedha, simu, pa kulala. Asanteni.

Kutoka: mwanachama, Chennai

Pole kwa kuuguza, ndugu. Tiketi isubiri, anza na visa.

Mama aombe e-Medical (visa ya mgonjwa), mdogo wako aombe e-Medical Attendant (visa ya msindikizaji). Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili tu kwa visa hiyo. Msikubali ushauri wa "chukueni ya utalii, ni rahisi". Mgonjwa akifika kaunta ya kulazwa na visa ya utalii, hospitali kubwa zinaweza kumkatalia, na kubadilisha aina ya visa ukiwa ndani ya nchi ni kazi ngumu.

Tovuti ya serikali ni indianvisaonline.gov.in. Angalia hiyo gov.in mwishoni, maana zipo tovuti za kuiga zenye bendera na nembo zinazotoza mara mbili au tatu. Kisheria unaweza kuomba hadi siku 4 kabla ya kufika, lakini jipe wiki mbili au zaidi, kwa sababu ombi likirudishwa kwa picha mbaya siku zinaliwa.

Watu hukwama kwenye mafaili. Picha iwe ya mraba, nyuma kweupe, JPEG. Ukurasa wa pasipoti na barua ya hospitali vinatakiwa viwe PDF isiyozidi KB 300. Ukiskani kwa simu unapata faili la MB 2, tovuti inalikataa bila maelezo ya maana, mtu anadhani mtandao uko chini. Punguza ukubwa kwanza. Barua ya hospitali iwe na nembo yao na jina la mgonjwa lilivyo kwenye pasipoti.

Majina yajazwe kama yalivyopangwa kwenye pasipoti, hata kama kwenye kitambulisho cha taifa yamepangwa vingine. Namba ya pasipoti iangalieni watu wawili, hasa herufi O na sifuri. Kibali chenye tarakimu moja iliyokosewa hakifai, na ada hairudishwi. Penye kuuliza mwenyeji India, weka anwani ya hospitali na simu ya dawati la wagonjwa wa nje ya nchi.

Barua pepe ya "tumepokea ombi lako" si visa. Subiri hadi tovuti iandike Granted, kisha chapisha nakala mbili kwa kila mtu. Visa hiyo ni ya siku 60, zinahesabiwa tangu siku ya kufika India, na ndani yake mtu anaruhusiwa kuingia mara tatu.

Sasa upande wa hospitali, ambako pesa nyingi hupotea. Kama Mama amepigwa CT au MRI, beba picha zenyewe kwenye CD au flashi, ripoti peke yake haitoshi. Kama alikatwa kipande cha nyama cha kupimwa, omba hospitali ya huko iwape vile vioo vya hadubini pamoja na vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta. Huombwa kwa barua na huchukua siku kadhaa, kwa hiyo msingoje wiki ya safari. Daktari wa huku atataka maabara yake isome upya. Bila vipande hivyo atamkata tena, na hapo mnalipa hoteli wiki nzima mkisubiri majibu. Dawa anazotumia andikeni kwa jina la kemikali, maana majina ya kibiashara ya huku ni mengine kabisa.

Makadirio mliyotumiwa yasomeni kwa jicho kali. Yanahesabu siku ngapi za kulazwa? ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) imo? Vifaa vinavyowekwa mwilini vimo? Dawa za kuondoka nazo? Na aina gani ya chumba? Hili la chumba wengi hawalijui: katika hospitali nyingi za binafsi za India, ukipanda daraja la chumba hupandi bei ya kitanda tu. Ada ya upasuaji na vipimo navyo hupanda. Chumba cha watu wawili kikitosha, chukueni hicho.

Kutoka: mwanachama, Pune

Nami niongezee ya njiani. Wengi wa kutoka Dar, Nairobi na Entebbe huingilia Mumbai. Hakikisheni Dar–Mumbai–Chennai iko kwenye tiketi moja. Mkikata mbili tofauti, ya kimataifa itawapa pengine kilo 46 kila mmoja, ila ya ndani ya India huwa kilo 15 za kaunta na 7 za mkononi, na kila kilo ya ziada inalipiwa. Hata kwa tiketi moja, Mumbai ndiko mnakopita uhamiaji, kuchukua mabegi kwenye mkanda, kupita forodha na kuyakabidhi tena. Ziachwe saa nne katikati, zisipungue. Ndege za kimataifa hutua Terminal 2. Baadhi ya za ndani huondokea Terminal 1, na huwezi kwenda kwa miguu, ni mwendo wa gari.

Mama aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla. Ni huduma ya shirika la ndege, na msindikizaji hupita naye kwenye foleni fupi ya uhamiaji. Mkitoka nje ya jengo, askari mlangoni hamruhusu mtu kurudi bila tiketi na pasipoti, kwa hiyo msitoke "kupunga hewa" kabla ya kujua mnaelekea wapi. Tangu Oktoba 2025 kadi ya kuwasili hujazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika, na ni bure.

Simu. India bila namba ya India unakuwa bubu: teksi za programu, wi-fi ya uwanjani, hata fomu za baadhi ya maabara, vyote hutuma OTP (namba ya uthibitisho ya kutumia mara moja) kwenye simu. Kusajili laini wanataka pasipoti, visa iliyochapishwa na mara nyingi picha ndogo ya pasipoti, kwa hiyo bebeni picha kama nane. Airtel na Jio zote zinafaa. Laini huchukua saa kadhaa kufunguka, wakati mwingine hadi kesho yake. Kwa hiyo siku ya kwanza mjiandae kama hamna simu: anwani ya mnakofikia na namba ya dereva wa hospitali ziwe kwenye karatasi. Hospitali nyingi humfuata mgonjwa uwanjani bila malipo, ila muombe mapema na mtume namba ya ndege. Vifurushi vya "mwezi" huku ni siku 28.

Laini ya Tanzania msiitoe, iwasheni huduma ya nje ya nchi kabla ya kuondoka. Benki yenu hutuma OTP kwenye namba hiyo, na bila hiyo kadi haitalipa hospitali hata kama akaunti imejaa. Wakati huohuo ombeni benki ipandishe kikomo cha matumizi ya kadi kwa siku.

Fedha taslimu: shilingi acheni nyumbani. Chukueni dola safi, zisizochanika wala kuandikwa. Noti za zaidi ya dola 5,000 kwa mtu mmoja lazima ziandikishwe forodhani. Uwanjani badilisheni kidogo tu ya kuwafikisha mjini, bei yao si nzuri, na tunzeni risiti, mtaihitaji kurudisha rupia kuwa dola. ATM nyingi hutoa rupia 10,000 kwa mara kwa kadi ya nje na kukata ada. Noti kubwa mtaani ni ya 500. Ya 2,000 iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023, mkipewa kataeni. Kataeni pia iliyochanika, hata kama ni kidogo, kwa sababu wenye maduka nao wataikataa. Na kwa kuwa Wahindi wenyewe hulipa kwa kuskani, chenji imekuwa shida: kusanyeni noti za 10, 20, 50 na 100.

Kutoka: mwanachama, Delhi

Mmesahau cheti cha homa ya manjano. Huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinatambulika maisha yote, hivyo cha zamani bado kinafaa mradi kina muhuri na jina linalolingana na pasipoti. Abiria anayetoka nchi iliyo kwenye orodha yao bila cheti huweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mama akiwa na umri mkubwa au kinga dhaifu, muone daktari mapema kuhusu hiyo chanjo.

Kwa Wakenya, Waganda na wengine mnaosoma: miraa msibebe, hata kijifungu cha mjomba. Kwa sheria ya India ni dawa ya kulevya na watu wamekamatwa viwanjani. Sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku, na simu za setilaiti kama Thuraya ni kesi ya polisi.

Saa. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na tiketi zao huandikwa kwa saa 24. Ndege ya 00:20 tarehe 15 ni ile ya saa sita na dakika ishirini usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Mtu anayehesabu kwa Kiswahili hufika usiku unaofuata na kukuta ndege iliondoka jana.

Kama ugonjwa ni wa figo na inahitajika kupandikiza, hapo ni safari nyingine kabisa. Mtoaji awe ndugu wa karibu anayetoka nanyi, undugu uthibitishwe kwa vyeti na kwa barua ya ubalozi wenu hapa New Delhi, kisha kamati ya idhini ikae. Karatasi hizo zianzie nyumbani.

Kutoka: mwanachama, Mwanza

Mungu awabariki. Mama ni uvimbe wa shingo, si figo. Kuna kijana wa huku anayesoma Chennai amejitolea chumba kwake, bure. Tukubali?

Kutoka: mwanachama, Chennai

Moyo wake ni mzuri, lakini muulizeni kwanza kama mwenye nyumba yuko tayari kujaza fomu ya kumripoti mgeni, ambayo wengi huiita Form C. Kila anayemlaza mgeni India, hoteli au mtu binafsi, anatakiwa kumripoti uhamiaji mtandaoni ndani ya saa 24. Wenye nyumba wengi hawataki usumbufu huo. Tatizo hujitokeza baadaye: siku 60 zikikaribia kwisha na matibabu bado, mnaomba nyongeza kwenye tovuti ya e-FRRO (ofisi ya uhamiaji inayosajili wageni), na kati ya viambatanisho ni barua ya hospitali na hiyo Form C. Bila hiyo mnakwama. Ombi lipelekwe kabla visa haijaisha, Mama na msindikizaji kila mmoja na lake.

Ndiyo sababu hoteli nyingine ndogo huwakataa wageni hata zikiwa na vyumba: hazina usajili. Kwa wanaotibiwa maeneo ya Greams Road, mitaa ya jirani imejaa nyumba za wageni zilizozoea wagonjwa wa nje. Kabla ya kulipa ulizeni: kuna lifti? Choo cha kukaa? Jiko na gesi vimo kwenye bei? Kiyoyozi kinalipiwa kando? Lipeni siku tatu kwanza, mwezi baadaye. Wanaopelekwa hospitali za mji wa Vellore, kituo cha treni kinaitwa Katpadi, msitafute jina la Vellore mkikata tiketi.

Ugali: unga mweupe wa mahindi ni adimu, wengi hutumia suji (chenga za ngano), inayouzwa kila duka kwa jina la rava. Bidhaa yoyote ya pakiti ina bei iliyochapwa baada ya herufi MRP, kodi imo ndani yake. Dawa nazo vilevile. Muuzaji haruhusiwi kuzidisha. Plagi ya pini tatu za mraba haiingii kwenye soketi za huku, nunueni adapta ya pini za mviringo.

Na mwezi gani wanakuja? Oktoba hadi Desemba ndiyo mvua za Chennai, mitaa hujaa maji na bajaji hupandisha bei. Chagueni nyumba ambayo Mama anaweza kufika hospitali bila kuvuka barabara kubwa.