Mrejesho: Miamba inayoonekana kupanda baada ya kutazama maporomoko
Niliuliza kwa nini, baada ya kukodolea macho maporomoko ya maji, miamba ya kando huonekana kupanda ilhali haisogei, jambo ambalo Robert Addams alilieleza mwaka 1834 baada ya kuyatazama maporomoko ya Foyers huko Uskoti. Nilishauriwa nitazame maporomoko kwa jicho moja huku la pili limefumbwa, kisha nilifumbe hilo na kufumbua la pili ili nitazame miamba. Miamba ilionekana kupanda tena, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo uchovu wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) pekee hautoshi kuwa maelezo, kwa kuwa jicho la pili halikuwa limeona mwendo wowote wa maji. Baadhi ya seli zinazotambua mwendo, ambazo hupunguza mwitikio baada ya kuutazama kwa muda, lazima ziwe ubongoni, mahali taarifa za macho yote mawili zinapokutana. Ajabu zaidi kwangu ni kwamba mwamba ulionekana kupanda bila kuhama mahali pake.